Posho Siyo Mshahara: Anayefanya Kazi ya Mfanyakazi Alipwe kama Mfanyakazi

Makamanda, tuanze na neno moja ambalo kila kijana aliyepita kwenye mafunzo ya kazi analijua: posho.

Umemaliza chuo. Umehangaika mpaka umepata nafasi ya utarajali, iwe ofisini, kiwandani, hospitalini au gereji. Saa moja na nusu asubuhi uko kazini, jioni ndiyo unatoka. Kila anachofanya mwajiriwa wa meza ya pembeni na wewe unakifanya, na siku akipata msiba unafanya na cha kwake. Mwisho wa mwezi yeye anapokea mshahara, wewe unapokea posho. Na wapo wengi ambao hata hiyo posho hawaioni. Wanaambiwa tu, "Shukuru umepata pa kujifunzia."

Msimamo wa makala hii ni mwepesi kuueleza: kijana aliye kwenye mafunzo, akishafanya kazi ya mfanyakazi kwa saa za mfanyakazi, alipwe kima cha chini kile kile cha mshahara kinachomlinda mfanyakazi mwingine wa sekta hiyo. Siyo nusu yake, siyo nauli, siyo "tutaona mwisho wa mwezi". Na sisi vijana wa Tabora tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu hilo neno posho lilipita hapa kwetu zamani likiwa na maana iliyonyooka.

Posho ilikuwa nini kwenye njia ya misafara

Mji huu ulijengwa na miguu ya watu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mzigo wote kati ya Bagamoyo na Ujiji ulisafiri kichwani na mabegani kwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, walikuta kazi hiyo ina taratibu zake za siku nyingi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, siku baada ya siku, miezi mitatu au zaidi njiani.

Hakuna anayesema njia ile ilikuwa pepo. Njia hiyo hiyo ilipitisha mateka na pembe, na miongoni mwa waliobeba mizigo walikuwemo watumwa ambao jasho lao lilimnufaisha bwana wao. Lakini mpagazi huru, yule aliyejiajiri mwenyewe, alijua vitu viwili na hakuvichanganya. Cha kwanza ni ujira: ulipatanwa kabla ya safari, kwa merikani, kaniki, shanga au waya, kwa kipande cha njia kinachojulikana, kwa mfano kutoka Pwani mpaka Unyanyembe. Cha pili ni posho: chakula cha siku, kibaba cha nafaka kwa kila mtu, au kitambaa na shanga za kununulia chakula hicho vijijini. Posho ilikuwa juu ya ujira. Haikuwa badala ya ujira.

Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa mwaka 2006, anaonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira kwa maana kamili. Walikuwa na mila zao za kazi, walijadiliana na wenye msafara, na makubaliano yakivunjwa walijua kutua mizigo chini au kuondoka. Posho ikikosekana, msafara haukuendelea. Maana ile ya zamani bado iko mtaani kwa majirani zetu: nenda Uganda leo ukaagize posho, utaletewa ugali.

Sasa linganisha. Mnyamwezi wa karne ya 19, hana cheti, hana chama cha wafanyakazi, hana Tume ya Usuluhishi, alijua kwamba chakula cha kumwezesha kusimama kesho yake siyo malipo ya kazi aliyofanya leo. Karne ya 21, mwenye shahada na diploma tunamwambia chakula na nauli vinatosha. Hatusemi mtarajali wa leo ni mtumwa; huko kungekuwa kuwadharau walioteseka kweli. Tunasema amenyang'anywa nusu ya mapatano ambayo babu yake hakukubali kunyang'anywa.

Katiba na sheria tayari ziko upande wetu

Chawa watasema tunaleta siasa. Haya, tuongee sheria.

Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu, bila ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Haikuweka mabano ya kusema "isipokuwa walio kwenye mafunzo".

Kisha kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kifungu hiki makamanda wengi hawakijui, na waajiri wengi wanaomba msikijue. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: anapangiwa namna ya kufanya kazi, au anapangiwa saa zake, au ni sehemu ya taasisi hiyo, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anapewa vifaa vya kazi na anayemtumikisha. Saa 45 kwa mwezi! Mtarajali wa kawaida anazimaliza kabla ya wiki ya pili kuisha.

Ni kweli, dhana hiyo mwajiri anaweza kuipinga kwa ushahidi. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwake, siyo kwako. Kumbandika mtu jina la "mtarajali", "mtu wa fildi", "wa kujitolea" au "saidia fundi" hakubadilishi kazi anayoifanya.

Sasa tazama kima cha chini chenyewe. Mei Mosi 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Kwa sekta binafsi, Serikali ilitangaza wastani kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 2026. Tuseme ukweli: ongezeko ni ongezeko, na mfanyakazi aliyelipata halali yake. Swali letu ni kwa ambaye hayumo kabisa kwenye hesabu. Asilimia 30 ya kitu ni kitu. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri.

Kukopa ili ukafanye kazi

Hapa ndipo mambo yanapokuwa kichekesho, ila cha machungu.

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa Bodi akienda fildi, anapewa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Hesabu ya haraka: 560,000. Pesa hiyo siyo zawadi wala haitoki kwa aliyemfanyisha kazi. Ni mkopo. Akija kuajiriwa, sheria inataka akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Maana yake nini? Mwanafunzi anaingia deni kwa taifa ili aende akafanye kazi bure kwa mtu mwingine. Anapanga mafaili, anahudumia wateja, anaingiza takwimu kwenye kompyuta, anashika koleo. Miaka mitatu baadaye mshahara wake wa kwanza unakatwa kulipia nauli na chakula cha siku alizokuwa akizalisha. Yule mpagazi wa Unyanyembe ungemwambia akope posho yake mwenyewe, angekutazama mara mbili kisha angetua mzigo.

Na huyo ana afadhali, kwa sababu ana mkopo. Mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Sikonge aliyekosa mkopo, atakaaje miezi sita Dar es Salaam au Dodoma kwa ajili ya "uzoefu"? Atalala wapi? Atakula nini? Mama yake auze magunia mangapi ya karanga? Ndiyo maana nafasi nzuri za mafunzo huishia kwa watoto ambao mzazi anaweza kuwalipia chumba. Mafunzo bila malipo ni mchujo wa kipato, hata kama mlangoni pameandikwa "wote mnakaribishwa".

Tuzijibu hoja zao moja moja

*"Hawa bado wanajifunza, hawazalishi."* Kipimo chake ni rahisi. Huyo kijana asipokuja kesho, kuna kazi itakwama? Kama hakuna, basi kweli anajifunza. Kama meneja ataanza kupiga simu saa mbili asubuhi kuuliza "uko wapi?", huyo ni mfanyakazi, na simu ya meneja ndiyo ushahidi. Na kama kweli anafundishwa, mwonyesheni mwalimu wake, ratiba ya mafunzo, na alichojua mwezi wa tatu ambacho hakukijua mwezi wa kwanza. Kuchemsha chai na kutoa fotokopi hakuhitaji miezi kumi na mbili ya kujifunza.

*"Uzoefu ndiyo malipo yenyewe."* Mwenye nyumba wa Isevya au Ng'ambo hapokei uzoefu. Mamantilie wa stendi hapokei uzoefu. Bodaboda ukimlipa uzoefu atakushusha njiani. Na uzoefu haukuwa wa mtarajali peke yake: yule mzee wa miaka 20 kazini naye kila siku anapata uzoefu, mbona hakatwi mshahara kwa ajili hiyo?

*"Haiwezekani mgeni alipwe sawa na mkongwe."* Nani kasema? Tunaongelea kima cha chini, na kima cha chini ni sakafu, siyo dari. Mkongwe apande juu kadiri ya ujuzi wake, na kama baada ya miaka 20 mkongwe bado amelala sakafuni pamoja na mtarajali, basi tatizo ni mwajiri anayemlipa kidogo mkongwe. Asitumie mshahara mbovu wa mmoja kuhalalisha kutomlipa mwingine.

*"Ulaya kwenyewe wanagenzi wanalipwa kidogo."* Mfano mzuri, tuusome wote. Ujerumani ilipoweka kima cha chini cha taifa mwaka 2015, iliwaacha nje walio kwenye mafunzo ya lazima ya masomo na walio kwenye mafunzo ya hiari yasiyozidi miezi mitatu. Ya hiari yakivuka hapo, ni kima kizima. Wanagenzi wa ufundi wana kima chao, ambacho ni cha chini zaidi, lakini tangu 2020 kimeandikwa kwenye sheria, na kijana ana mkataba, anakwenda darasani kwa ratiba, anafanya mtihani na anatoka na cheti kinachotambulika nchi nzima. Tuleteeni mafunzo ya namna hiyo, ndipo tukae mezani tuongee kima cha mwanagenzi. Siyo kuchukua ile nusu ya mshahara mdogo na kuiacha ile nusu ya kufundisha.

*"Tukiwalipa, waajiri watafunga milango."* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na tusiikwepe. Zipo nafasi zitakazopungua, hasa kwa mwajiri mdogo: fundi wa gereji pale Gongoni mwenye vijana wawili hana mfuko wa taasisi kubwa. Lakini angalia upande wa pili. Kila kiti kinachokaliwa na mtarajali wa bure mwaka baada ya mwaka ni kiti ambacho hakitangazwi kuwa ajira. Mwajiri akijua Julai wanakuja wengine sita wa bure, kwa nini aajiri wawili wa mshahara? Kazi ya bure ya mdogo wako ndiyo inayokunyima wewe ajira leo, na ya kwako itamnyima yeye kesho.

Na pesa ya kumsaidia mwajiri ipo. Mwajiri wa Bara mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa. Jina lake lenyewe linasema ni ya ufundi. Mwajiri anayempa kijana mafunzo ya kweli na kumlipa kima cha chini apunguziwe sehemu ya kodi hiyo. Na yule fundi mdogo wa Gongoni, ambaye SDL haimhusu, Serikali imchangie moja kwa moja posho ya mwanagenzi wake kupitia VETA. Hapo hakuna mlango utakaofungwa kwa sababu ya umaskini.

Wenzetu walipogoma, na sisi tulipogoma

Watu watasema haiwezekani. Kwa majirani zetu Kenya, mkataba wa 2017 uliweka malipo ya daktari mtarajali juu ya shilingi 200,000 za kwao kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali yao ikasema haina uwezo, ikataka kuwalipa 70,000. Madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei. Suala la watarajali halikuisha hapo, liliburuzwa mpaka Desemba 2024, na mwishowe Serikali ikasaini kuwalipa kwa mkataba ule ule wa 2017. Pesa iliyokuwa "haipo" Machi, Desemba ilikubaliwa.

Aprili mwaka huo huo, mahakama ya kazi ya Nairobi ilisema tume ya walimu ya nchi hiyo haina mamlaka ya kisheria kuwachukua walimu waliofuzu na kusajiliwa na kuwaita watarajali. Mvutano uliendelea baada ya hukumu, lakini hoja iliwekwa wazi: mwalimu mwenye cheti anayefundisha darasa zima ni mwalimu. Walimu wetu "wa kujitolea" huku Urambo, Nzega na Uyui, wanaosimama mbele ya darasa wakiishi kwa michango ya wazazi, wana haki ya kuuliza swali hilo hilo.

Na sisi hatukuanza jana. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianzia Januari kwenye madai ya malipo ya madaktari watarajali wa Muhimbili. Badala ya kulipa na kuzungumza mapema, mambo yaliachwa yakakua mpaka hospitali zikasimama. Juni mwaka huo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kukutwa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Wagonjwa waliumia, madaktari waliumia. Nchi iliingia gharama kubwa kwa kushindwa kuheshimu deni dogo la vijana.

Kwa nini sasa, na kwa nini Tabora

Kwa sababu Tabora inarudi kuwa njia panda. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kutoka Tabora kwenda Isaka, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, ambacho peke yake ni kipande cha kilomita 506. Bomba la mafuta ghafi linapita mkoani kwetu, na pale Sojo, Nzega, ndiko kilikojengwa kiwanda cha kupaka mabomba utando wa kuhifadhi joto. Chuo cha reli kiko hapa hapa mjini. Vijana wengi wataingia kwenye kazi hizi kwa jina la mafunzo. Kanuni zikiwekwa sasa, njia hii itawaacha na ujuzi na mshahara. Zikisubiriwa mpaka treni zipite, watabaki na picha wamevaa kofia ngumu na barua ya "kwa yeyote anayehusika".

Kwa hiyo tunadai manne, na tunataka kila mgombea wetu ayabebe:

1. Amri ya kima cha chini cha mshahara iseme wazi kwamba anayevuka miezi mitatu akifanya kazi kwa saa za mfanyakazi analipwa kima kizima cha sekta yake, aitwe mtarajali, mwanagenzi au wa kujitolea.
2. Mwanafunzi wa fildi asikopeshwe gharama za kwenda kazini. Fedha hiyo iwe ruzuku, na taasisi inayompokea ichangie nauli na chakula.
3. Kila mafunzo yawe na mkataba wa maandishi: tarehe ya kuanza na kuisha, saa, jina la msimamizi, na anachotakiwa kujua akimaliza.
4. Anayefundisha na kulipa apunguziwe SDL. Fundi mdogo achangiwe.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye mafunzo, usisubiri sheria mpya ndipo uanze kujilinda. Andika siku na saa zako. Piga picha daftari la mahudhurio. Hifadhi ratiba za zamu na maagizo mnayotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Huo ni ushahidi kwamba unapangiwa kazi. Mgogoro wa malipo unaweza kuupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa kawaida una siku 60 tangu ulipotokea. Kama umeachishwa, ni siku 30 tu. Wengi wamepoteza haki kwa kuchelewa, siyo kwa kukosa hoja. Msiende mmoja mmoja pia: wapagazi hawakutua mizigo mtu mmoja mmoja.

Tunajua kazi ni ngumu kupatikana, na tunajua hofu ya kuambiwa "kuna wengine mia wanaitaka nafasi yako". Hofu hiyo ndiyo mtaji wao. Itumeni makala hii kwa hao mia. Siku wote mia watakapojua kifungu cha 61, hiyo sentensi haitamtisha mtu.

Posho ni ya kula leo. Ujira wetu tunaudai.